Pointi Saba za Mama Fila

Tarehe 14 Juni 2019, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka hamsini, Mama Fila alifaulu mtihani wa ufundi wa injini daraja la kwanza. Kati ya watahiniwa thelathini na mmoja alishika nafasi ya pili, na alikuwa mwanamke peke yake. Cheti kiko ukutani juu ya meza yake ya kazi, ndani ya fremu inayofutwa vumbi kila Jumatatu. Namba ya leseni iliyo chini ya cheti huiandika kwenye kila karatasi anayotia sahihi, na hatii sahihi kazi ambayo hakuipima mwenyewe.

Jina alipewa na mafundi wenzake. Fila ni kitita cha vibati vyembamba vya chuma, kila kimoja na unene wake, ambavyo fundi huvipenyeza kwenye mwanya ili ajue upana wake. Ya kwake huivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Watani wake husema hata mkate nyumbani kwake hukatwa kwa kipimo. Hajawahi kukanusha.

Gereji anaiendesha na mdogo wake wa kiume. Ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa chuma mbele na nyuma, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi ya kijivu, na rafu ambako kila spana imechorewa kivuli chake kwa kalamu nyeusi ili ikikosekana ijulikane. Mdogo wake ni fundi mzuri, mwenye mikono ya nguvu na maneno mengi. Udhaifu wake unajulikana mtaa mzima: gari likisumbua, mshtakiwa wa kwanza ni petroli.

Gari lililowatia majaribuni mwaka huu ni jeupe, dogo, la milango mitatu. Mwenyewe ni mfamasia, mwanamke mwenye duka la dawa mtaa wa pili, ambaye mdogo mtu humwita daktari ingawa ameshamwambia mara nyingi kwamba yeye si daktari. Injini ina tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani kwa nguvu. Mfamasia ameliongezea gari bomba pana la moshi na rejeta kubwa ya kupoza hewa, kisha akaiprogramu upya kompyuta ya injini ili tabo isukume zaidi. Siku za kazi hubeba makasha ya dawa. Mara moja kwa mwaka, chama cha madereva hufunga barabara ya mlimani, na kila gari hupanda peke yake kwa saa ya kupimia. Mwaka jana aliishia katikati, injini ikikosakosa kuwaka, akateremka kinyumenyume mbele ya watu. Safari hii alitaka kufika juu.

Mama Fila aliuona ugonjwa mapema. Plagi hurusha cheche kuvuka mwanya mdogo ulio kwenye ncha yake. Hewa ikishindiliwa sana, cheche hushindwa kuvuka, kama kiberiti kinachopulizwa. Plagi za mfamasia zilikuwa na mwanya wa kiwandani, milimita moja na pointi moja. Kwa tabo ile alitaka mwembamba zaidi, pointi saba, yaani sehemu saba za kumi za milimita. Tena alitaka plagi baridi zaidi, maana yake zinazoachia joto haraka. Plagi inayong'ang'ania joto huwaka ncha hadi ikaiwasha petroli kabla ya wakati wake, na hapo pistoni huanza kuyeyuka.

Kabla hajaigusa kazi, mama yao alifanyiwa upasuaji wa jicho, Mama Fila akaenda kukaa naye siku nne. Maagizo alimpa mdogo wake kwa simu: mwanya pointi saba, na plagi apandishe namba moja. Katika kampuni ambayo ametumia plagi zake kwa miaka ishirini, namba ikipanda plagi huwa baridi zaidi.

Dukani, plagi za kampuni hiyo zilikuwa zimekwisha. Muuzaji akatoa za kampuni nyingine, nzuri tu, akasema ya kawaida kwa injini ile ni namba nane. Mdogo mtu akapandisha moja kama alivyoagizwa, akachukua tisa. Hakujua kwamba kampuni hiyo huhesabu kinyume: kwao, namba ikipanda plagi huwa moto zaidi. Akarudi gereji, akapima mianya yote minne kwa uangalifu aliofundishwa na dada yake. Pointi saba kila mmoja. Hakukosea hata unywele.

Jumatatu mfamasia alilijaribu gari kwenye mwinuko wa nje ya mji. Kukosakosa kuliisha, lakini kileleni injini ikaanza kugonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Akalirudisha. Mdogo mtu akaitaja petroli. Wakamwaga, wakatia nyingine. Jumanne likagonga tena. Jumatano asubuhi mfamasia aliliacha na kusema, bila kupandisha sauti, kwamba zikiwa zimebaki siku tatu tu kabla ya kupanda mlima, saa kumi jioni atakuja kulichukua kwa fundi mwingine.

Mama Fila aliingia saa tatu, bado ana begi la safari begani. Aligusa kichwa cha injini kwa kiganja. Kilikuwa kimepoa, na kwa injini ya aluminiamu hafungui plagi mpaka kipoe. Alizitoa zote nne, akazipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio wa silinda zake, akavaa miwani. Kauri inayozunguka ncha, ambayo plagi ikiwa na afya huwa na rangi ya biskuti, ilikuwa nyeupe kama chaki. Kwenye ya tatu kulikuwa na vipunje viwili vinavyong'aa, vidogo kuliko chembe ya chumvi.

Akamwita mdogo wake.

"Hiki ni nini?"

"Uchafu wa petroli."

"Ni pistoni."

Dada mtu akaomba boksi la plagi, akalisoma mbele na nyuma, akafungua kitabu cha kampuni kilichokuwa rafuni. Alipoinua macho, mdogo wake alikuwa ameshaanza kujitetea: alipandisha moja, aliambiwa apandishe moja, na mianya aje aipime mwenyewe.

Aliipima. Kibati cha pointi saba kilipita kwa kukwaruza kidogo, kinachofuata kikagoma, kwenye zote nne.

"Umepima vizuri kuliko mimi," alimwambia. "Kosa ni langu. Nilikupa namba, sikukupa jina la kampuni."

Wakapima mgandamizo wa silinda moja moja. Ya tatu ilikuwa chini kidogo ya wenzake, ndani ya kiwango. Wakaingiza kamera nyembamba kwenye tundu la plagi. Ukingo wa pistoni ulikuwa umedonolewa, haujaliwa. Mdogo mtu akapendekeza wabadilishe plagi na kunyamaza. Injini ni nzima, mteja ataridhika, kwa nini wajichongee? Dada yake akamuuliza mlimani atakayekuwa ndani ya gari ni nani. Mdogo mtu akatoka kutafuta plagi.

Plagi za kampuni ya zamani zilipatikana duka la tano, saa saba mchana. Ncha ya katikati ya plagi hizi ni nyembamba kama ncha ya sindano ya cherehani, na fundi akiiegemea kwa chuma huivunja bila kujua. Mama Fila hukunja ulimi wa pembeni tu. Alizipa mianya mwenyewe, akigonga ulimi juu ya kipande cha mbao, kidogo kidogo, akipima kila baada ya pigo. Ya pili ilipitiliza akaifungua na kuanza upya. Zilipokamilika alimpa mdogo wake azirudie zote, bila kumwambia alichopata. Akapata pointi saba mara nne. Ndipo wakazifunga kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza.

Saa kumi mfamasia alifika, funguo za akiba mkononi. Mama Fila alimwonyesha kitambaa.

"Mama, hizi nyeupe ndizo zilizokuwa ndani?"

"Ndizo. Tuliweka zisizofaa, na agizo lilitoka kwangu. Ungepanda nazo Jumamosi, pistoni ya tatu isingefika juu."

Mfamasia aliinama, akavitazama vile vipunje kwa muda. Kwenye kazi yake mwenyewe anajua dozi moja iliyozidi inafanya nini.

"Ungeninyamazia nisingejua."

"Mimi ningejua."

Akaomba iandikwe. Iliandikwa: kosa, dalili, kipimo cha kila silinda, plagi mpya na mianya yake, sahihi, namba ya leseni. Kisha wakatoka wote watatu, mfamasia akiendesha. Kwenye mwinuko alikanyaga mafuta katika gia ya tatu mpaka mshale wa mizunguko ukapita elfu sita. Haikukosa, haikugonga. Kileleni aliizima ghafla kama alivyoelekezwa, ili plagi zibaki na rangi ya kupanda, gari likaserereka hadi pembeni, wakakaa juu ya ukuta wa barabara kwa dakika arobaini wakisubiri injini ipoe.

Plagi ya tatu ilitoka na rangi ya biskuti.

Mdogo mtu aliishika kwenye mwanga, akaigeuza, akampa mwenye gari.

"Daktari, hiyo imepimwa na dada yangu," alisema. "Mimi nimehakiki."

"Mimi si daktari," alisema mfamasia, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Funguo za akiba alizirudisha mkobani. Mama Fila alikuwa ameshainamia injini, akiirudisha plagi kwa vidole kwanza, mizunguko mitatu, kabla ya kuomba spana.

Jumamosi saa tatu asubuhi gari jeupe litaondoka la kumi na nne. Mama Fila na mdogo wake watakuwa juu, mwisho wa barabara, na injini ikipoa watatoa plagi zote nne na kuzisoma.