Karatasi ya Wachinjaji Saba

Shemeji yangu ana miaka hamsini na minne. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia akichinja ng'ombe, na sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti. Machinjioni wanamwita Taratibu. Kupandisha sauti ni kazi yangu mimi, mdogo wa mke wake, mpiga mhuri. Nyama ikishachunwa na kukaguliwa na daktari wa mifugo, naigonga mhuri wa halali pajani, inaingia garini. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na hasira zangu zilikuwepo.

Taratibu hunolea kisu chake chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Sheria yetu ndivyo inavyotaka: mnyama haonyeshwi kisu kikinolewa, hachinjwi mbele ya mwenzake, wala hachinjwi kwa kisu butu. Kati ya zizi na sakafu ya kuchinjia kulikuwa na turubai zito, na kila asubuhi alilivuta mwenyewe kuhakikisha halina upenyo. Wachunaji walimcheka.

"Mzee, ng'ombe hana habari na wewe!"

"Yeye hana," alijibu. "Mimi ninazo."

Jumapili moja redio ilitangaza kuwa bomu limeua watu sokoni, nchi ya mbali, na waliolitega wakajinasibu kwa dini yetu. Taratibu alizima redio akaenda kulala bila kula. Kesho yake meneja, mgeni wa miezi mitatu pale kazini, akabandika karatasi ukutani. Wachinjaji wote saba, Waislamu wote, watie saini kwamba wanapinga mauaji na kwamba hawataleta sheria za dini yao kazini. Visu vyao vitafungiwa ofisini. Ikifika Ijumaa, asiyesaini aende zake nyumbani.

Saba! Wachunaji walikuwa thelathini, wana visu thelathini, hakuna aliyeulizwa. Hata Shoka, yule bwana wa kupasua mifupa, mwenye shoka refu kama mguu wangu, hakuulizwa.

Kufikia Alhamisi sita walishasaini. Siwalaumu, watoto wanakula. Lakini Taratibu aligoma, na hana kazi nyingine anayoijua zaidi ya hiyo. Dada alimlilia.

"Saini tu, baba watoto. Ni wino tu huo."

"Ni wino wa kukiri kosa nisilolifanya. Ukishakauka, mke wangu, hautoki."

Mchana ule kantini, Shoka alivuta benchi akakaa mbele yake. Si mtu mbaya Shoka, ila mdomo wake hauna breki.

"Sasa Taratibu, kama huna neno, si usaini? Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Sisi si samaki. Daktari akikuta ng'ombe mmoja mgonjwa humu, anamtoa huyo mmoja. Umewahi kumwona akichoma zizi zima?"

Watu wakacheka. Shoka hakukubali kushindwa mapema hivyo.

"Haya, na kukata watu mikono? Si sheria yenu hiyo?"

"Ipo. Na ina mlango mwembamba kuliko unavyodhani. Inataka hakimu, inataka mashahidi wasio na doa. Aliyeiba kwa njaa hakatwi. Palipo na shaka, adhabu inaanguka. Na mtu wa barabarani kama mimi hana ruhusa ya kumgusa mtu hata ukucha."

"Ni maneno mazuri hayo. Mbona wale wa bomu hawayajui?"

"Wanayajua, wameyakanyaga. Hata vitani sheria imekataza kuua mtoto, mwanamke, mzee, mtu aliyejifungia kwenye ibada yake. Wao wamelipua soko. Usiniulize mimi kwa nini wameivunja sheria yangu. Mimi ndiye niliyevunjiwa." Akasogeza sahani. "Nami nikuulize. Yule mwizi wa kuku pale njia panda, mlimpiga mpaka akazimia. Ulikuwa na tofali mkononi. Ile ilikuwa sheria ya dini gani?"

Kila mtu alikumbuka ni nani aliyemlalia yule mwizi kwa mwili wake mpaka polisi walipofika. Taratibu ana kovu begani la tofali ambalo hakurushiwa yeye. Mimi nilifurahi, tena nilifurahi wazi wazi, mpaka mpishi akaniambia nifunge mdomo.

Ijumaa asubuhi tukakuta mambo mapya. Meneja alitaka visu vinolewe mahali anapoviona, kwa usalama. Turubai limefunguliwa kamba na kushushwa chini. Jiwe la kunolea limewekwa mezani, hatua mbili kutoka zizini. Ng'ombe wamesimama wanatazama. Magari ya wenye mabucha yamepanga foleni nje. Meneja kashika kisu cha Taratibu mkono mmoja, karatasi mkono wa pili.

"Saini, unoe, tuanze kazi."

"Sinoi hapa, bosi. Wanaona."

"Nani wanaona?"

"Ng'ombe."

Meneja akacheka. "Watu wa kulipua masoko leo mnamwonea huruma ng'ombe?"

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimefungua mdomo, Taratibu akaninyamazisha kwa kiganja.

"Karatasi yako inasema nisilete sheria ya dini kazini. Sheria yenyewe ndiyo hii. Ndiyo inayoniambia nisimtishe mnyama, nisimtese, nisimchinje mbele ya ndugu yake. Ukitaka niiache getini, naiacha, na kisu nakiacha hapo hapo. Bila hiyo sheria mimi si mchinjaji. Ni mtu mwenye kisu tu, na huyo ndiye unayemwogopa."

Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Wale sita wakatazamana. Mmoja akavua yake. Halafu wote.

Meneja akanigeukia mimi. "Wachunaji watachinja. Wewe utagonga mhuri."

"Mhuri gani?" nikamwambia. "Wa halali? Tafuta mwongo mwingine."

Nje magari yakaanza kupiga honi. Meneja akatokwa jasho, akatafuta pa kupitia.

"Basi, basi. Isionekane ni ubaguzi. Watasaini wote, machinjio mazima." Akamnyooshea kalamu aliye karibu, naye ni Shoka. "Anza wewe. Kwamba unapinga mauaji."

Shoka aliitazama kalamu kama ametemewa mate.

"Mimi? Nisaini kwamba si muuaji? Nimemuua nani mimi hata niape? Mbele ya watu wote hawa? Unanitusi, bosi!"

Mkuki kwa nguruwe! Sauti yake ilijaa ukumbi mzima, kisha ikakatika ghafla. Akageuka taratibu akamtazama shemeji yangu, na shemeji yangu akamtazama yeye. Shoka akaenda mezani, akalibeba jiwe la kunolea kwa mikono miwili, akalipeleka chumba cha nyuma. Aliporudi akaanza kulitundika tena turubai, na wachunaji wawili wakamshikia kamba.

Meneja aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akaingia ofisini akafunga mlango. Kisu alikiacha mezani. Tulichinja siku ile, tukachelewa saa moja na nusu, na mpaka leo karatasi ile haitajwi.

Watu wanasema yameisha. Hayajaisha. Hakuna aliyemwomba shemeji yangu radhi, na mimi kila asubuhi naingia nikimtazama meneja usoni, nasubiri.