Mbwa Aliyetoka Kakanda

Mpaka leo, nikiwa sokoni au nimepanga foleni mahali, nikisikia rundo la funguo likigongana kwenye mshipi wa mwanaume, mikono yangu hupoa. Funguo zenyewe siziogopi. Ni ule mlio tu, unanirudisha kwenye ua wetu wa zamani, kiangazi kile cha baridi na vumbi, na namwona mbwa wetu akilaza tumbo chini hata kabla mtu hajatokea njiani.

Tuliishi nje ya Likasi, ukishavuka Kamatanda ukaendelea mpaka pikipiki zikawa chache. Upande mmoja wa shamba letu kulikuwa na mihogo na mboga za Mama za lengalenga. Upande wa pili hakukuwa na kitu. Zamani sana watu walimwaga pale udongo wa machimboni, na tangu hapo hata nyasi zilikataa kuota. Lilikuwa jangwa jeupe tupu, upepo ukivuma linatia chumvi machoni. Tulikuwa wawili tu, mimi na Mama. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Tonton Célestin, mdogo wake Mama, alikuwa dereva wa lori kati ya Kakanda na mjini. Siku moja alisimamisha lori, akafungua mlango wa upande wa pili, na akashuka mbwa jike wa rangi ya majivu, mtu mzima kabisa, mwenye masikio yaliyochanika.

"Yaya, nimekuletea mulinzi," alimwambia dada yake. "Kule Kakanda walikuwa wamemufunga na waya kwenye nyumba iko wazi. Hakuna muntu. Jirani njo alikuwa anamutupia tonge ya bukari juu ya ukuta."

Mama alimzunguka yule mbwa polepole. Shingoni, waya ulikuwa umeacha mstari usio na manyoya, mwekundu kama mdomo uliofumbwa.

"Uyu haiko mulinzi," Mama akasema. "Uyu iko mugeni. Mumuache apumuzike kwanza."

Basi tukamwita Mugeni. Mimi nilikuwa nimeota mbwa wa kukimbia naye, na huyu hakukimbia popote. Alichagua kulala nyuma ya magunia ya makala ya kupikia, mahali ambapo angeweza kuona mlango na ukuta uko mgongoni kwake. Ukimpa chakula hakugusa. Ilibidi uweke sahani, ugeuke, uende zako, ndipo usikie ulimi wake. Kizingiti cha nyumba hakukivuka hata siku moja, ingawa mlango ulikuwa wazi na ndani kuna moto. Niliponyanyua ufagio alikojoa pale pale alipokuwa. Nilicheka, na Mama akanikanya kwa sauti ndogo: "Mwenye kovu usimucheke. Unajua nani alimupatia?"

Akanifundisha namna ya kukaa naye. Nikae chini, nimpe mgongo, nichambue maharage na kuimba chochote. Nilifanya hivyo mchana baada ya mchana, nimechoka kwelikweli, mpaka siku moja nikahisi pumzi ya moto kwenye kisigino changu. Sikugeuka. Niliendelea kuimba, machozi yananitoka kwa furaha.

Sasa niwaambie kuhusu Papa Gaby. Tangu wakati wa mvua alikuwa akija kumtembelea Mama, kila Jumapili baada ya misa. Alishika funguo za depo ya saruji huko Panda, na alizivaa kiunoni hata siku ya Bwana. Alikuwa mtu safi, mwenye sauti ya chini, na alileta mikate ya moto kutoka mjini imefungwa kwenye gazeti. Alinifundisha kupanda baiskeli yake. Alikimbia nyuma yangu ameshika kiti, na nilipogeuka nikakuta aliniachia zamani, yuko mbali anapiga makofi. Nilimpenda. Nilishaanza kumwita Papa kimoyomoyo. Alituambia kwao ni Kolwezi, kwamba Kakanda anaiona tu akipita na gari.

Mugeni alipofika, Papa Gaby alikuwa safarini kwa kazi. Jumapili aliyorudi tulikuwa uani, Mama anakata lengalenga. Mugeni alikuwa amelala kwenye jua, karibu kabisa na miguu yangu. Ghafla akainua kichwa. Mimi sikusikia kitu. Halafu ndiyo nikasikia: chwe, chwe, chwe, funguo zinakuja njiani.

Hakubweka. Ningemwelewa kama angebweka. Alijilaza chini kabisa, akaanza kutambaa kuelekea langoni, tumbo likiburuta vumbi, mpaka akafika kwenye kiatu cha Papa Gaby. Hapo akanyoosha shingo na kuiweka chini, kana kwamba anaitoa.

Papa Gaby alisimama kidogo. "Mulitosha wapi iyi imbwa?"

"Célestin aliiokota njiani," Mama akajibu.

Akacheka. "Unaona? Banyama banajua muntu muzuri." Akaketi, akanipa mkate, akaanza kusimulia safari yake. Mugeni alibaki vile vile, anatetemeka hadi meno yanagongana. Katikati ya maneno, bila hata kumtazama, Papa Gaby akasema taratibu, kama mtu anavyofukuza nzi: "Couche, Princesse."

Na mbwa akalala ubavu, akafumba macho.

Kisu cha Mama kilisimama juu ya ubao. Kisha kisu kikaendelea, tena kwa mwendo ule ule, na Mama akauliza kama chai iongezwe sukari. Mimi nilikuwa na mkate mdomoni. Nilifikiri tu kwamba Princesse ni jina zuri kuliko Mugeni.

Asubuhi yake Mama alipanda lori la Tonton kwenda Kakanda, akaniacha kwa jirani. Alirudi jua linaelekea kuzama, nywele zimejaa vumbi la barabara, na midomo imekauka. Hakunisalimia. Aliketi kwenye jiwe la kufulia, akamwambia Tonton, na mimi nikasikia nikiwa nyuma ya magunia na Mugeni:

"Banasema mwenye imbwa alienda safari. Biatu yake yote iko pale, nyuma ya mulango. Mwanamuke anaenda safari bila biatu?"

Tonton alivua kofia yake, akaishika mkononi.

Wiki ile Mama hakuniruhusu kwenda kisimani peke yangu. Usingizi wake ukawa mwepesi. Alizungumza kwenye simu akiwa amesimama katikati ya lile jangwa jeupe, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kumkaribia bila kuonekana. Nilimuuliza kama Papa Gaby atakuja Jumapili. Alisema ndiyo, atakuja. Nikafua gauni langu.

Alikuja kweli, na mikate, na shati jipya. "Hodi?" akaita. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kikwembe hadi miguuni, mikono ameikunja. Hakuitika karibu. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama yangu akinyima mtu karibu.

"Gaby," alisema, "Béatrice anakusalimia."

Mkono wake ulishuka ukashika zile funguo, zikanyamaza.

"Béatrice gani?"

"Mwenye Princesse."

Papa Gaby akamtazama mbwa. Mugeni alikuwa pembeni ya Mama, amesimama juu ya kizingiti ambacho hakuwahi kukigusa. "Couche," akamwambia, kwa ile sauti yake nzuri ya chini. Miguu minne ya Mugeni ilitetemeka kiasi kwamba kucha zake ziligonga sementi. Lakini hakulala. "Couche!" Hakulala.

Tonton na wanaume wawili wa lori walitoka nyuma ya nyumba, wakasimama tu. Papa Gaby akatabasamu, kweli akatabasamu, akaweka mikate chini kwa uangalifu, akapanda baiskeli yake na kuondoka bila haraka. Mama aliitupa ile mikate chooni. Nililia kwa uchungu, nikamwambia amenifukuzia baba.

Kesho yake kaka zake Béatrice walifika Panda na polisi, wakakuta chumba cha Papa Gaby kimefagiliwa na hakuna mtu. Baadaye wengine walisema alionekana Kasumbalesa, mpakani. Hatukumwona tena. Mugeni aliishi nasi miaka mingi, akazeeka, akawa mnene na mvivu, akala mbele za watu na kulala katikati ya mlango mpaka tukajikwaa.

Kwa muda mrefu niliamini Béatrice ni mwanamke fulani aliye hai Kakanda, aliyetuma salamu, na kwamba Mama alimfukuza Papa Gaby kwa wivu. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, nina mtoto wangu, siku Mama aliponiambia kwamba hakuna aliyemwona Béatrice tangu mbwa alipofungwa na waya. Hakufika kwa wazazi wake, na hawakupata mwili wa kuzika. Salamu zile Mama alizitunga mwenyewe, ili aone tu uso wa yule mtu atakapozisikia.

Nilikumbuka nilivyomwonea aibu Mugeni siku ile kwa kutetemeka mbele ya wageni, na nilivyomchukia Mama kwa kusimama mkavu kama mti. Nikamuuliza kama hakuogopa hata kidogo.

"Weye!" akasema, akinishangaa. "Magoti yote mbili ilikuwa inacheza. Ni vile tu nilivaa kikwembe kirefu."