Taa ya Njano Kabla ya Safari ya Kitgum

Taa ya njano iliwaka Jumatano, nikiwa kwenye foleni ya magari, na tangu hapo sikutulia. Ilikuwa taa ya mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, yaani kitu kile kile kilichonifanya ninunue gari hili na si jingine.

Jumamosi nilipaswa kumpeleka mama kwa dada yake nje ya mji wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Presha ya macho ilikuwa imemla mama mkubwa jicho moja, na daktari aliwaambia wanawe kwamba la pili linafuata. Mama alitaka jambo moja tu, dada yake amwone kabla giza halijafunga. Barabara ya mwisho kufika kwake ni tope tupu, lakini mimi nilikuwa na gari la kwenda popote. Hivyo ndivyo nilivyojieleza siku ya kulinunua, ingawa mpaka wiki ile lilikuwa limekwenda kazini chuoni tu na kurudi nyumbani Kisugu, hapa hapa Kampala.

Nalihudumia mwenyewe. Kila baada ya miezi kadhaa hujilaza chini yake uani, nikamwaga oili, nikabadili chujio, kisha nikanuka kama kituo cha mafuta siku nzima na kujiona mwanamume kamili. Majirani hudhani nimefilisika. Lakini magari ya siku hizi ni kompyuta zilizovaa matope, na spana haifiki pale penye ugonjwa. Nilichomeka chini ya usukani kile kifaa kidogo cha kusoma hitilafu, kikaongea na simu yangu, na simu ikaniambia niwasiliane na mtengenezaji.

Alhamisi nikaenda kwa wakala wa mtengenezaji. Dada wa mapokezi aliingiza namba ya chesisi, akaitazama skrini, akanitazama mimi. Akanieleza kwa upole kwamba gari hili lilitengenezwa kwa soko la Japani, limekuja huku likiwa limetumika, na kwenye mfumo wao halipo. Nikamwonyesha dirishani, lile pale, limeegeshwa. Akakubali kwamba yeye analiona.

Nikapakua programu ya mtengenezaji. Iliniuliza niko nchi gani, na Uganda haikuwemo, nikachagua jirani yetu wa kialfabeti. Nikaandikia kituo cha msaada kwa wateja maelezo marefu yenye utangulizi na hitimisho, maana nina shahada mbili na sikuona sababu ya kuziacha kabatini. Wakajibu papo hapo kwamba wamepokea, na wananishukuru kwa uvumilivu wangu. Nilikuwa nimeshatoka nje kuitazama taa, nikarudi ndani, nikatoka tena.

Mama ni mjane wa polisi na pia binti wa polisi. Yeye na dada yake walikulia kwenye nyumba za polisi Nsambya, ambako watoto wa makabila yote walikutana katika Kiswahili, na mpaka leo hicho ndicho wanachotumia, hasa kwa kugombeza. Ijumaa jioni nilimkuta akipanga sukari na sabuni kwenye kikapu. Nikamwambia tungoje jibu, labda wiki moja tu.

"Jibu ya nani?"

"Ya watu waliolitengeneza gari, mama."

"Hao wanajua dada yangu?"

Nikasema hawamjui.

"Basi wewe baki, linda taa. Mimi napanda basi."

Nilipanda naye. Ningefanyaje? Njia nzima nilikuwa nikikanyaga breki ambayo haikuwepo, mpaka mama akaniambia dereva amelipwa, hahitaji mguu wangu. Kila penye mtandao nilifungua simu. Tulipopita Karuma, nyani wakiwa wamekaa kando ya lami kama askari wa zamu, jibu likaingia. Waliuliza swali moja. Je, matairi yote manne ni ya aina moja na ukubwa mmoja?

Kwa ajili ya safari hii nilikuwa nimenunua matairi ya matope, duka moja la Old Kampala. Haji mwenye duka alinisihi nichukue manne. Nikachukua mawili, makubwa kidogo kuliko yale ya zamani, nikayafunga nyuma, kama tufanyavyo sote Kampala: mawili leo, mawili Mungu akifungua. Nilidhani ya nyuma yatasukuma na ya mbele yataelewa. Kompyuta haikuelewa. Iliona magurudumu ya nyuma na ya mbele yanazunguka kwa kasi tofauti, ikaamini tunateleza saa zote, hata kwenye lami kavu.

Nikamweleza mama.

"Kwa hiyo gari ilikuwa mzima."

"Ilikuwa nzima."

"Na wewe?"

Abiria wa kiti cha mbele akacheka bila kugeuka.

Kitgum tulikuta mvua imetangulia. Mama akapakiwa kwenye bodaboda moja, kikapu na mimi kwenye nyingine. Yangu ilizama mara kwa mara nikashuka kusukuma, huku kitambaa cha kichwa cha mama kikinipotea mbele. Nilipofika, yeye alikuwa ameshapiga magoti mlangoni, na mama mkubwa amemshika mashavu kwa mikono miwili, amemgeuzia kwenye mwanga, karibu kabisa, kama mtu anayetafuta kibanzi.

"Umezeeka," mama mkubwa akasema.

"Sana."

"Iko vizuri. Mimi nilidhani ni mimi peke yangu."

Wakakaa hivyo. Mimi nilizunguka ua, nikatazama paa, nikauliza kama kuna kitu cha kubeba. Kisha mama mkubwa akamwambia mdogo wake ahamie upande wa kulia, kule kushoto hamwoni. Mama akasogeza kigoda, dada yake akamshika tena uso, akaendelea kutazama.