Ampli ya Kingi na Kilima cha Ng'ambo

Juma lililopita vijana wa kwaya ya hapa Kashebere walikuja kwangu na magitaa mawili ya besi, wakitaka niwachagulie. Moja lilikuwa jekundu, jipya, linang'aa hata ungeweza kujitazama meno. Jingine la kahawia, limekwaruzwa mgongoni na vifungo vya mashati ya watu tusiowajua. Nilikuwa nimetoka kupalilia mihogo, kiuno kinauma, na kusema kweli nilitamani kulala. Lakini muziki ukikujia mpaka mlangoni, utaufukuzaje? Nikavuta kigoda nikakaa.

Niliwaambia waanze na shingo. Inua gitaa hadi kwenye jicho, uiangalie shingo yake kama seremala anavyoangalia ubao. Ile ya jekundu ilikuwa imejipinda kama tawi lililokauka upande mmoja. Nyuzi utabadilisha, skrubu utabadilisha, rangi utapaka, lakini shingo iliyopinda mtagombana nayo kila Jumapili. Kisha gusa kila uzi polepole, uusikilize hadi unyamaze wenyewe. Usipige kwa nguvu, kwa sababu kitu chochote kikipigwa kwa nguvu huonekana kizuri kwa muda mfupi. Wakajaribu, wakasikiliza, wakakubali lile la kahawia kwa nyuso za watu waliopewa dawa chungu.

"Na ampli, Mama?" akauliza mpiga besi wao. "Siye tunataka ile ya kupiga mpaka batu ba ngambo bakatae kulala."

"We unatafuta muchumba kule ngambo," mwenzake akamwambia, "haiko ampli."

Tulicheka wote. Nikawaeleza nilichoweza, wakaenda zao na giza likaingia. Lakini neno lile, ng'ambo, lilibaki limenikaa kifuani. Ndiyo sababu nakuandikia, rafiki yangu. Wewe pia ulikulia milimani, hutahitaji nikufafanulie kila kitu.

Mimi nilikulia Kingi, Masisi, kwa bibi mzaa mama, ambaye watoto wote wa kilima tulimwita Koko. Nyumba yake ilikuwa upande huu wa bonde, kanisa lilikuwa upande ule, chini kidogo kuliko kwetu, na katikati kulikuwa na kijito na njia ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha iligeuka sabuni. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Ungeamka ukasikia kinu kikitwanga sombe, majani ya mihogo, kwa jirani, ng'ombe wakilia huko juu malishoni, na wakati wa mavuno, fimbo zikipiga maganda ya maharage juu ya mikeka, pa, pa, pa, kutwa nzima. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kumenya mihogo, na kuchambua maharage kwenye ungo nikiwa nimekaa karibu na moto, viazi vikiiva majivuni. Harufu ya majani ya mikaratusi yaliyoungua bado hunirudisha pale, hata leo, hata nikiwa nimechoka.

Unakumbuka jinsi tulivyoishi kwa kuitana. Hakuna aliyeteremka bonde zima na kupanda tena kwa ajili ya neno moja. Ulisimama ukingoni mwa shamba, ukaweka viganja mdomoni, ukavuta jina la mtu hadi kilima cha pili kikajibu. Kwa njia hiyo tulijua nani amejifungua, nani anahitaji watu wa kumbeba mgonjwa, mbuzi wa nani ameingia shamba la nani. Koko alikuwa akisema, "Neno ambalo halikuvuka bonde, halijasemwa."

Ujanani aliimba kwaya, sauti ya chini kuliko ya baadhi ya wanaume. Kisha magoti yakamkatalia ile njia. Jumapili alivaa kitenge chake kizuri kama mtu anayekwenda, akatandika mkeka mbele ya nyumba, akakaa ameelekea bati la kanisa lililong'aa upande wa pili. Kengele aliisikia. Ngoma aliisikia pale upepo ulipotaka. Kuimba hakukusikia, na hilo ndilo lililomla. Nikirudi, aliniuliza waliimba nini.

Wakati huo besi yetu ilikuwa kasha la mbao lililofungwa nyaya za breki za baiskeli. Kwaya ikaamua kununua kitu cha kweli. Tukalima shamba la pamoja kule chini karibu na kijito, salongo, kazi ya wote, kila juma, wazee kwa watoto, na misimu ikapita tukiuza maharage kabla mwalimu wa kwaya hajashuka mjini Masisi-katikati. Alirudi na gitaa la besi begani, na nyuma yake watu wamebeba ampli mbili. Mwenye duka, mkristo mwenzetu, alikuwa amesema: zijaribuni zote kwenu, mtakayoikataa mniletee. Koko alipopata habari hiyo alipiga makofi. "Sasa nitakuwa kanisani," alisema, "na magoti yangu yabaki hapa."

Moja ya ampli hizo ilikuwa ya mbao, pana na fupi, nzito kama gunia la maharage lililonyeshewa. Nyingine ilikuwa ndefu, nyepesi, na juu yake ilikuwa na mdomo wa bati kama tarumbeta. Jenereta ikawashwa, zikapigwa moja baada ya nyingine, na ugomvi ukaanza hapohapo.

"Hii ya bati inanitoboa masikio," akasema jirani yetu, mama aliyekuwa akianzisha nyimbo na ambaye hakuwahi kuuogopa mdomo wake. "Nikiimba nayo najisikia kama nafukuzwa na polisi."

"Mama, Injili haiko ya kunong'ona," akajibu papa mmoja, mzee wa baraza la kanisa. "Kanisa zingine zinasikika mpaka sokoni. Siye je? Batasema tunalala."

"Papa, we mwenyewe njo unalalaka mu mahubiri. Ampli itakusaidia nini?"

Watu walicheka hadi papa yule naye akacheka, lakini ugomvi haukuisha. Mwisho mwalimu wa kwaya akainua mkono. "Ngambo njo itakata hii maneno," alisema, yaani kilima cha pili ndicho kitakachoamua. "Koko ana masikio, na hana upande. Kesho tutapiga zote mbili. Ile atasikia vizuri, njo tutachukua." Wote wakakubali, kwa sababu kwetu kitu kilipimwa hivyo. Kama kilivuka bonde, kilikuwa kizuri.

Nisimame hapa kidogo nikueleze, maana ndiyo kosa ninalowakataza vijana hadi leo. Kuvuka bonde ni mtihani wa mbiu, si mtihani wa besi. Sauti nyembamba hupenya upepo kama sindano na sikio huikamata hata ikiwa imechoka. Sauti nene ya ampli ndogo hutawanyika mahali pa wazi kama maji yaliyomwagwa shambani. Haikusudiwi kwenda mbali. Kazi yake ni kukaa chini ya waimbaji iwashike. Kwa hiyo ukitaka kununua ampli ya besi, usitume mtu kilimani. Weka waimbaji wako karibu nayo, waimbe kama wanavyoimba siku zote, uwaangalie shingo zao. Mishipa ikisimama, hiyo siyo. Lakini pale Kingi nani angetuambia hayo?

Jioni ile tulikuwa na ungo wa maharage katikati yetu, mimi na Koko. Akaniuliza, bila kuinua macho, "Wewe umesimama karibu nazo zote. Niambie."

Nilikuwa mtoto, nikasema nilivyojua. Nilimwambia kwamba ile ya bati ikipiga, kila mtu anapiga kelele ili ajisikie. Ile ya mbao ikipiga, najisikia mimi, namsikia jirani, namsikia na aliye nyuma yangu. "Ni kama mtu ametutandikia mkeka, tunakaa juu yake," nilisema.

Koko akaokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa, akaendelea kuchambua.

Kesho yake baada ya chakula tulikaa ukingoni mwa shamba. Kule chini watu walikuwa wadogo kama kuku. Tulikubaliana kwamba mwalimu ataita kabla ya kila ampli, na Koko mwishoni atajibu na kuinua kitambaa cheupe. Tukamsikia: "Ya kwanzaaa!" Ilikuwa ile ya mbao, hata kwa mbali upana wake ulionekana. Upepo ulipita kwenye mahindi, ng'ombe akalia, kijito kikaendelea na maneno yake. Hakuna kingine. Nilimwangalia Koko. Alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa.

"Unasikia?"

"Nyamaza kwanza."

Kisha: "Ya piliii!" Nayo hiyo, rafiki yangu, ilifika. Ilikuwa nyembamba, kama mbu aliyefungiwa ndani ya kopo, lakini ilifika yote, na wimbo niliutambua. Koko akafumbua macho. Midomo yake ikaanza kufuata maneno, kidole kikapiga goti lile bovu taratibu, na uso wake ukawa uso ambao sikuwa nimeuona tangu aache kuteremka. Nikafurahi. Nikashika kitambaa tayari kumpa.

Mwalimu akaita, "Koko eee! Njo ya ngapi?"

"Nisimamishe," Koko akaniambia. Nikamshika kwapani, akasimama juu ya magoti yake kwa shida, akaweka kiganja kimoja mdomoni, akaita kwa sauti ile nene ya kwaya: "Ya kwanzaaa!" Na kitambaa akakiinua juu.

Kule chini walilipuka kwa vigelegele. Nilimsikia hata jirani yetu akimcheka papa wa baraza. Mimi nikamvuta kitenge.

"Koko, ya kwanza haikufika hapa."

"Haikufika."

"Sasa kwa nini?"

Alikaa tena, akapumzika kidogo. "Umesema juu yake batu banaweza kukaa," alisema. "Mi niko muntu mumoja ku kilima. Kule chini iko batu bangapi? Na wewe usiende kubasumbua na hii maneno."

Sikuwasumbua. Ampli ya mbao ikabaki Kingi. Watu wakaanza kuja kutoka vijiji vingine kusikiliza tu jinsi kwaya ile inavyoimba bila kujikaza. Kila Jumapili baada ya ibada mwalimu alisimama nje ya kanisa na kuita, "Koko, umesikia?" naye akajibu, "Nimesikiaaa!" Kisha mimi napanda njia, namkuta na chungu cha maharage na sombe, na kabla hajanipakulia ananiambia, "Leta."

Mara ya kwanza nilimwimbia wimbo. Akakataa. "Hiyo naijua. Leta ile ya chini." Sikuwa nayo. Jumapili iliyofuata nilikaa kando kabisa ya ampli, nikaacha maneno, nikaacha kila kitu, nikaisikiliza besi peke yake: wapi inapanda, wapi inakaa pale pale wakati wengine wanatembea, wapi inanyamaza. Kisha nikapanda njia nikiivumisha puani, sisalimii mtu nisije nikaidondosha. Jirani akamlalamikia Koko kwamba mjukuu wake amekuwa na kiburi. Nyumbani Koko alikaa nyuma yangu, mgongo wake ukiegemea wangu ili aisikie mwilini, mimi nikavumisha, naye akaimba juu yake ile sauti yake. Hivyo ndivyo nilivyojifunza besi. Gitaa lenyewe lilikuja baadaye sana.

Alituacha katika majira ya mvua. Kwaya ilikuja kumwimbia, na wanaume wakaibeba ile ampli kwa machela ya wagonjwa, wakiteleza kwenye njia ile, wakipokezana, na wengine nyuma yao na jenereta. Wakaiweka karibu na kaburi. Mwalimu wa kwaya alikuwa akilia. "Koko," alisema, "miaka yote ulisikia kutoka mbali. Leo tumeileta karibu." Na jirani akatikisa kichwa akasema, "Yule mama alikuwa na masikio!" Watu wakaitikia ndiyo, kweli. Mimi nilinyamaza kama alivyotaka. Besi ikaanza, ikaingia kwenye udongo na kwenye miguu yetu, kwa mara ya kwanza upande wetu wa bonde.

Baadaye vita vilipita Kingi, vikarudi, vikapita tena. Tulikimbia kuelekea Walikale na vilivyobebeka, na ampli ile haikuwa kitu cha kukimbia nacho. Wengine walikwenda kambini, wengine hawakuonekana tena. Nimeanza maisha mara nyingi tangu wakati huo, na kila mara yanakuwa mazito kidogo zaidi kuyainua. Nawafundisha vijana kwa uvumilivu, kwa sababu wanafanya vizuri na wanastahili kuambiwa hivyo. Wakiondoka, naketi.

Wakati mmoja njia ilipokuwa shwari nilirudi kuangalia. Nyumba ya Koko imekuwa kichaka. Upande wa pili kanisa halina bati, na mashamba ya pale yamelimwa na watu nisiowajua. Nilisimama ukingoni mwa shamba, nikaweka viganja mdomoni bila hata kufikiri. Kisha nikavishusha. Kwetu mtu hapazi sauti hewani tu, anaita jina la mtu, na nilijaribu kutafuta jina moja la aliyebaki ng'ambo ambaye angeniitikia, nisilipate. Nikateremka bonde kimya, nikishikashika miti, maana mvua ilikuwa imenyesha.