Mwiko wa Ugali Kaburini kwa Mama

Baba yangu alikuwa ameshajiandaa kufa. Mbao za jeneza lake, za mninga, alizinunua mapema, akaziweka darini juu ya chumba chake, na kila kiangazi anapanda kuzigeuza zisije zikapinda. Wageni wakija anawaonyesha, kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi. Mama alikuwa anamkubalia tu. Walishapatana wao kwa wao: Baba ni mkubwa kwa umri, halafu hajui kupika, kwa hiyo atangulie yeye, Mama abaki amlilie vizuri na kumwombea. Mpango huo nimekua nikiusikia mezani, wanausema kama watu wanaopanga siku ya kupeleka mahindi mashineni.

Sasa Mama akatangulia yeye. Aliugua kidogo tu, msimu wa palizi, akaenda. Wanaume wa jumuiya hawakuwa na muda wa kuhangaika madukani kutafuta jeneza, wakapanda darini wakashusha mbao za Baba. Yeye alisimama uani anaangalia randa inavyopita. Jioni ndiyo akatoa neno.

"Kaondoka na mbao zangu."

Siku ya maziko alitupa udongo wake kama mume, akarudi nyumbani, na kuanzia hapo akamnunia. Nasema akamnunia kwa sababu sina neno jingine. Mtu anayeomboleza anajulikana, anakaa kimya, anatazama mbali, ukimletea chai anakwambia asante mwanangu. Baba alikuwa amenuna kama mtu aliyekatishiwa njia. Nilimchukua akaja kukaa kwangu hapa Kizwite, na kila jioni tukisali rozari anasali vizuri tu, mpaka nifike pale pa kuwaombea marehemu wetu. Hapo anakohoa, anasimama, anatoka nje. Mlango wetu unalia, kwa hiyo hata macho ukiwa umeyafumba unajua mzee ametoka. Tukimaliza anarudi, anauliza chakula.

Makaburini hakukanyaga. Na mimi hilo lilikuwa linanikosesha raha kuliko yote. Kaburini watu wanaenda kumaliza maneno yao. Mimi mwenyewe nikienda kwa Mama namwambia bei ya maharage, namwambia nani kaolewa na nani kaachika, nalia kidogo, narudi nimekuwa mwepesi. Baba maneno yake yote alikuwa nayo kifuani. Nikawa nahofia afe nayo hivyo hivyo, afike mbinguni aanzishe ugomvi mlangoni mbele ya malaika.

Hapa lazima nimlete jirani yetu. Ni mama wa Kisukuma, mtu mzima, familia yao walikuja na ng'ombe wakakaa kwanza kule bondeni upande wa Milepa, baadaye yeye akahamia mjini, anauza maziwa ya mgando. Ukuta wetu na wake ni mmoja. Sisi Wafipa na wao ni watani, na mtani kwenye msiba ana ruhusa ambayo padre hana. Anaweza kumtukana marehemu, anaweza kukaa kwenye kiti cha mfiwa, anaweza kuchukua kitu cha marehemu na mkakikomboe kwa kuku. Watu wanacheka, machozi yanapata nafasi ya kupumua, msiba unaenda.

Siku ya maziko ya Mama, Mtani alisukuma watu wote akashuka kaburini, akajilaza akajipima, akasema shimo hili kubwa mno kwa Mfipa, wangemkunja kidogo tu angeenea hata kwenye dogo. Alipotolewa akaenda moja kwa moja jikoni kwa Mama, akachukua mwiko wake. Siyo mwiko wowote, ule wa kusongea ugali wa ulezi, mrefu, mweusi, upande mmoja umelika kwa kusugua sufuria. Akaufunga mgongoni kwa khanga kama mtoto. Akatangaza mbele ya waombolezaji kwamba mwiko huu ataukomboa mume mwenyewe, kwa jogoo, tena pale pale kaburini.

Ni kitu cha kawaida. Mzee mwingine angecheka akatoa jogoo mambo yakaisha. Baba alisema hakomboi chochote, waliokwisha kumnyang'anya wanatosha.

Basi mwiko ukakaa kwa Mtani, mwaka hadi mwaka. Asubuhi Baba akitoka kuota jua, anauona unapungwa juu ya ukuta, na sauti inamwamkia shemeji asiyelipa. Baba anageuza kiti. Kwa sababu ya kugeuza kiti kile, mzee wa watu amekuwa anaota jua mgongoni tu.

Mwaka huu, Siku ya Marehemu Wote ilipokaribia, niliona magoti yake yamechoka. Anakwenda chooni ameshika ukuta. Nikajua mwaka mwingine huenda asiweze kabisa. Nikambembeleza. Nilimpikia, nilimpigia pasi koti lake la kanisani, nikamwambia ukweli wote, kwamba miguu hii haingoji, na Mama yuko pale peke yake anasalimiwa na watoto tu. Akanijibu kwamba yeye akifa si atabebwa? Sasa mtu atakayebebwa bure anajichosha kwenda kwa miguu ya nini?

"Nendeni mkasalimiane ninyi," akasema. "Mimi naye hatuongei."

Nikamuachia Mungu, nikabeba jembe na mishumaa, nikaenda misani peke yangu.

Baada ya misa kila familia inakwenda kwenye kaburi lake, padre anapita na maji ya baraka. Njiani nikamkuta Mtani ananisubiri. Yeye anasali kanisa jingine, lakini mambo ya makaburi hayaulizi dhehebu. Alikuwa na kibuyu cha maziwa na ule mwiko. Nikamwomba leo asinitanie, leo ni siku ya sala. Akasema sawa, akaniamkia kwa heshima kabisa. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Kufika kwenye kaburi, tangu nilipokwenda mara ya mwisho majani yamepanda mpaka kiunoni. Nikafyeka. Nikaushika msalaba niufute vumbi, ukanibakia mkononi. Mchwa walikuwa wameula mguu wote, juu umebaki mzuri, chini unga mtupu. Msalaba ule niliuandika mimi mwenyewe. Nilikuwa ndiyo nimemaliza masomo ya jioni, ukoo mzima ukasema mwenye elimu ndiye aandike, nikaandika herufi za kifahari, kubwa, mpaka ubao ukaisha sentensi haijaisha. Ilisomeka "Apumzike kwa ama". Watu walinivumilia. Sasa nimeushika ule ubao, padre namwona mstari wa pili tu kutoka kwetu, na Mama yangu hana hata kijiti cha kumtambulisha. Nikaanza kulia, na kwenye kulia kule nikawa namsema Baba, kwamba angekuwa anakuja angeuona mchwa mapema, maana mbao ndiyo kitu anachokijua duniani.

Mtani alinitazama, akalitazama kaburi. Akasema hata hivyo halina tofauti na matuta yetu ya ntumba, Wafipa tunafukia majani chini ya udongo tunangoja yaoze shamba lipate mbolea, sasa na wazee tunawafukia vile vile, mwaka huu tuvune nini? Nikacheka huku nalia, kitu kibaya sana, pua inakosa mwelekeo. Na wakati nimeinama kutafuta kitambaa, Mtani akachomeka mwiko kichwani pa kaburi, mpini chini, akaugongea kwa jiwe. Ukasimama wima kuliko msalaba wangu ulivyowahi kusimama.

Nikauvamia kuung'oa. Akanizuia, akasema mali ya rehani haiguswi na mtoto. Tukawa tunavutana pale, mimi na skafu yangu ya kanisani, na padre huyo.

"Tumsifu Yesu Kristu," akasema.

"Milele amina," nikajibu, mkono mmoja uko kwenye mwiko.

Padre aliutazama mwiko. Akaniuliza taratibu kama marehemu alikuwa mpishi. Nikamwambia, "Ni mtani, Padre." Akaangalia chini, akauma mdomo, nikajua kwao pia wana watani. Akainua mkono akabariki, kaburi likapata, mwiko ukapata, mimi nikapata maji mengi kuliko wote. Katekista aliyeshika ndoo alikuwa anatikisika mabega mpaka maji yakamwingia kiatuni. Wale wa kaburi la jirani, lenye vigae, waliacha sala yao kabisa wakawa wanatuangalia sisi.

Padre alipokwenda, Mtani akatoa simu yake, akampigia Baba, akaweka sauti kubwa. Akamwarifu kwamba msalaba wa mke wake umeshaliwa na mchwa, kwamba sasa amesimamishiwa mwiko, na mwiko umeshabarikiwa na padre, kwa hiyo ndiyo alama yake mpaka siku ya ufufuo. Malaika wakipita wataona mwiko watadhani ni jiko. Akamalizia kwamba kama ana neno aje aliseme mwenyewe, kama hana, basi aendelee kuota jua mgongoni.

Simu ikakatika upande wa pili.

Nilikasirika. Nilimwambia Mtani kwamba nimehangaika na mzee huyu kwa upole tangu Mama afe, na yeye kaja kuharibu kwa simu moja. Yeye akafungua kibuyu. Akamimina maziwa kwenye kikombe, akanipa, tukakaa kwenye majani. Upepo wa huku kwetu mnaujua, mishumaa nikiwasha huu unazima ule. Nikawa nasali rozari yangu na hasira yangu.

Sikufika mbali. Pikipiki ikaingia kati ya makaburi, dereva anaomba radhi kushoto na kulia kwa marehemu wa watu, na nyuma yake amekaa Baba. Koti la kanisani amelivaa juu ya fulana ya kulalia. Kwapani amembana jogoo wangu niliyekuwa namtunza wa Krismasi.

Aliteremka bila kusaidiwa. Akaja anachechemea, hajamsalimia mtu, akamtupia Mtani jogoo. Kamba haikuwa imefungwa vizuri, jogoo akaruka akaenda kutua juu ya lile kaburi la vigae, akawika. Familia ile ikabidi iinuke imkimbize, Mtani naye anakimbiza huku anacheka, na katika fujo hiyo Baba akabaki na Mama peke yao, ukiniacha mimi niliyejifanya nawasha mshumaa.

Akaung'oa mwiko. Akaupangusa udongo kwa mkono wa koti, polepole, mpaka pale palipolika. Akasimama nao. Halafu akaliinamia kaburi kama mtu anayechungulia dirishani.

"Zilikutosha lakini, zile mbao?"

Nikaacha mshumaa.

Akangoja kidogo. Halafu akaanza, na alipoanza hakukoma. Alimwambia kwamba ilikuwa zamu yake yeye Baba kutangulia, na Mama alijua. Alimwambia ule mninga ulikuwa mzuri, asidhani alimnyima, angeomba angempa. Alimwambia usiku bado analala upande wake ule ule, upande wa ukutani, hajausogelea ule wa Mama. Mimi nikawa nalia kwa adabu. Ndipo akaingia kwenye ugali. Akamwambia binti yako huyu uliyemwacha hapa, ugali wake una madonge, haukai, unajaza tumbo tu, na wa ulezi ndiyo usiseme. Nimenyamaza, akasema, kwa sababu ya kumheshimu. Nilikuwa nimesimama mita chache tu. Tangu aje kwangu anakula anasema asante mwanangu, kumbe anatunza kesi.

Mtani alirudi na jogoo, ana manyoya kwenye nywele. Baba akamtazama, akamwambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba Wasukuma huwa wanalilia ng'ombe, watu hawajui kuwalilia, ndiyo maana maziko ya mtu wanayageuza mnada. Mtani alikaa chini kwa kucheka. Alikuwa amemngoja mtu huyo amjibu miaka yote hiyo. Akamkumbatia jogoo wake kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema deni limekwisha, shemeji.

Baba aliniuliza ubao wa msalaba uko wapi. Akaugeuza, akasoma maandishi yangu, akasema kwamba kuna vipande vya mninga vilibaki, vipo chini ya kitanda chake, atakata msalaba mwingine yeye mwenyewe na ataupaka mafuta machafu ya gari kwenye mguu mchwa wasiuguse. Na herufi nipunguze. Yule dereva akaambiwa aje tena Jumapili baada ya misa, na Jumapili nyingine pia. Tukarudi, Baba juu ya pikipiki ameshika mwiko wima kama bendera, mimi na Mtani nyuma kwa miguu, jogoo anatusemesha.

Mtani hakumchinja, yule jogoo. Anasema anamtunza amwamshe shemeji yake alfajiri, na kweli anawika huko ng'ambo ya ukuta kabla hata ya kengele ya kanisa.

Jioni ile nilisonga ugali wa ulezi kwa mwiko wa Mama. Baba alileta kigoda jikoni, kitu ambacho hajawahi kufanya, akakaa ananielekeza geuza, kandamiza, hapo umeacha, rudi. Mtu asiyejua kupika. Jasho lilinitoka. Nikaufunika, tukaenda kwenye rozari.

Nilipofika kwa marehemu wetu, akakohoa. Nikafumba macho nikangoja mlango ulie. Haukulia. Nikasema raha ya milele umpe, ee Bwana, na nyuma yangu sauti ikaitikia kwa nguvu kuliko ya wote, mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Akasema amina. Halafu akauliza kama ule ugali tumeuacha upoe kwa makusudi au vipi.