Mgao wa Karafuu

Ninapikia wachimbaji nje kidogo ya Kharumwa, na subira si sifa yangu. Mtu akinilalamikia kwamba ugali haujaiva, namkabidhi mwiko apike yeye. Wiki ile nilikuwa mkali kupita kawaida, maana Jumapili wazazi wa mchumba wa binti yangu walikuwa wanakuja kutoka Nkome, kwa mara ya kwanza, kuuona ukoo wa msichana. Ukoo wenyewe ni mimi. Wazazi wangu wamezikwa Ibadakuli, mume wangu naye ametangulia, na ndugu waliobaki ni wale wa kupigiana simu kukiwa na msiba. Niliogopa sana. Kichwani niliona wageni wakiingia, wakikuta viti vitupu, wakisema binti huyu hana kwao.

Nikaamua kuwaziba macho kwa pilau. Mama wa mchumba anauza dagaa Nkome lakini ni mzaliwa wa Tanga, na nilisikia nyumba za watu huzipima kwa pilau. Nikamwagiza dereva wa lori karafuu, akaniletea konzi moja, nikaificha kwenye kopo la majani ya chai.

Ijumaa mchana wachimbaji walikuwa wanakula huku wanabishana. Ubishi ulianzia kwenye mpira, sijui ulifikaje kwenye karafuu: wenye nyingi ni sisi au Madagaska? Mmoja wao, ambaye simu yake haikosi bando, akachimbua takwimu za chakula cha mataifa. Kulikuwa na mstari wetu na mstari wa Madagaska, huu unapanda ule unashuka, kama michi miwili kwenye kinu kimoja. Wakaanza kuishangilia mistari. Mmoja akahamia Madagaska kwa ukaidi tu. Kisha mwenye simu akasoma maandishi madogo ya chini: kumbe ni kiasi cha karafuu kwa kila mtu kwa mwaka.

Midomo ikaacha kutafuna. Duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, mawe yakitoka hugawanywa mifuko kwa mifuko, na "kila mtu" si maneno ya mchezo. Yakishatamkwa, kila mtu ataondoka na chake, hata aliyelala anaumwa.

"Mimi mgao wangu sijaupata," alisema msimamizi wa duara, mtu mzima mwenye mvi.

"Huo ni wastani tu," nikamwambia. "Kuna mtu wa pwani anakula nyingi, wewe huli kabisa. Wanajumlisha, halafu wanagawanya."

"Basi huo ndio wizi wenyewe, mayu, mama yetu! Anakula yeye, naandikwa mimi!"

"Na huko Madagaska," akasema yule mkaidi kwa huruma, "kuna mwenzetu naye hajapewa."

Msimamizi akauliza chakula cha hapa kinapita mikononi mwa nani. Wote wakanigeukia. Ningecheka yangeisha, lakini macho yangu yakakimbilia kwenye kopo, nao wakayafuata. Kifuniko kilipofunguliwa, harufu ikajaa banda zima. Hukumu ikatoka hapo hapo: mfuko uliofichwa ukionekana, unagawanywa. Niliwaita mafisi, nikawaita na mengine yasiyoandikika, nao wakapanga foleni kwa adabu kabisa.

Baada ya kupewa, hawakujua waifanyie nini. Mmoja aliitafuna akalia kwamba ulimi umekufa. Mwingine aliuliza kama inapelekwa karasha ikasagwe kama mawe. Wa tatu aliichomeka nyuma ya sikio akashuka nayo shimoni.

Mimi nikakaa juu ya ndoo nikalia. Msimamizi aliporudisha sahani nikamweleza yote, wakwe, pilau, viti. Akajikuna kidevu, akarudi duarani.

Jumapili asubuhi wachimbaji wakaanza kuja nyumbani mmoja mmoja, karafuu mkononi. Iliyotafunwa niliikataa, ingawa mwenyewe aliapa ameisuuza.

"Usidhani tumerudisha," msimamizi akanionya. "Mgao wetu sasa uko ndani ya sufuria. Sufuria ikifunguliwa, lazima tuwepo."

Sikuwa na nguvu ya kugombana. Wageni walipofika, hapakuwa na kiti kitupu. Wachimbaji walikuwa wameoga, vifungo vimefungwa hadi kooni, na mmoja alivaa suti ya harusi yake, imembana hadi hawezi kuinama. Mama wa mchumba akasimama mlangoni.

"Hawa wote ni akina nani?"

Nilitaka kusema wateja. Msimamizi akanyanyuka, na kwa woga akampa shikamoo mwanamke mdogo kwake kwa umri.

"Sisi ni wajomba."

"Wote?"

"Wote."

Yule mama akaketi, akaonja pilau, akasema karafuu imepungua kidogo lakini mpishi anajua kazi. Kisha akawatazama tena wale wajomba, safu kwa safu, akamgeukia mumewe.

"Baba, mjomba ana fungu lake kwenye mahari. Tutawapa nini watu wote hawa?"

Nikakata tamaa. Ninawajua watu wangu. Ukiwatajia fungu, hawalali. Vijiko vikatulia, wakamtazama msimamizi wao.

"Sisi msituhesabu, mama," akasema. "Huyu dada anatulisha kila siku. Mgao wetu tulishapata."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa na kuendelea kula. Mimi nikasema naenda kuleta maji ya kunawa, nikakaa jikoni hadi uso ukakauka.