Hatua Mia Mbili

Watu wa Miteja, kijiji chetu, wakisimulia habari ile huanza na mbao. Wanasema kitako cha bunduki kilichongwa kwa mti wa jeneza, na mti uliozoea kubeba maiti hautulii mpaka upate mtu. Nimewasikia msibani, nimewasikia kisimani. Sijawahi kuwakatiza, na hilo ndilo kosa langu la pili. La kwanza naliandika hapa.

Marehemu mume wangu alikuwa na kibali cha kuwinda na bunduki ya risasi iliyokuwa ya baba yake. Kazi yake kubwa haikuwa nyama, ilikuwa nguruwe pori. Kwetu nguruwe haliwi, ila yeye anatula sisi. Akiingia kwenye mihogo siku moja tu, utadhani trekta limepita. Watu walikuwa wakimwita, anakwenda, anapiga, wanafukia.

Tatizo lilikuwa kitako, yaani ule mti wote unaobeba mtutu mpaka unapoegemea begani. Kilikuwa kimepasuka, kimefungwa waya, na kila masika kilivimba kikausukuma mtutu pembeni. Risasi ikawa inakwenda kushoto. Dawa yake yeye ilikuwa kusogea. Alinyata mpaka hatua thelathini, mpaka ishirini, mpaka anamsikia nguruwe anavyotafuna. "Hapo hata mwiko unapiga," alikuwa akisema.

Mwaka mmoja dume alilolijeruhi likamrudia. Waliniletea mume wangu kwenye kanga iliyofungwa kwenye miti miwili, paja limefunguliwa kama samaki. Miezi mitatu nilimuosha kile kidonda. Ile harufu ilinionyesha ujane utakavyokuwa, na nikauogopa kuliko kitu chochote.

Siku aliyoanza kutembea vizuri akaishika bunduki. Nikasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa watu. Mihogo inaliwa."

"Na hicho kitako cha waya?"

"Nitasogea."

"Husogei. Itengeneze ipige kwa mbali, au irudishe serikalini. Ukimsogelea mnyama tena, ukirudi hunikuti."

"Utakwenda wapi na magoti hayo, mama watoto?"

"Nitatambaa."

Akaniangalia, akaitundika bunduki.

Mti mbichi hakuutaka. Alisema mti mbichi ni mwongo, leo umenyooka, kesho umepinda. Alitaka mti uliokauka miaka mingi. Mimi ndiye niliyekumbuka lile jeneza la zamani la kupelekea maiti makaburini. Msikiti ulikwishapata la chuma, na lile la mninga lilikuwa limelazwa stoo, mbao zake za ubavuni nene, halijanyeshewa tangu sisi hatujazaliwa. Imamu alipoulizwa akasema mbao ni mbao, chukueni.

Alichonga wiki tatu uani, kwa randa, patasi na msasa. Nilimshikia. Anapaka masizi ya kibatari kwenye chuma, anakilaza ndani ya mti, anakiinua, panapobaki weusi anapakwangua. Tena na tena. Kwa mbele akaacha nafasi, mtutu usiguse mti hata kidogo, na kila jioni alipitisha karatasi ya daftari katikati. Ikikwama, anaendelea kukwangua. Mahali pa shavu akapainua palingane na uso wake. Mwisho akapaka mafuta ya ufuta mpaka mti ukang'aa.

Tukaenda kuijaribu. Aliweka papai bichi juu ya kichuguu, nami nikahesabu hatua kwa miguu yangu, mia mbili. Risasi ya kwanza ilipita kando. Akarekebisha shabaha. Ya pili ikakwaruza. Ya tatu papai likapasuka vipande. Nilipiga vigelegele. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kiangazi kile alipiga nguruwe akiwa amesimama ukingoni mwa shamba. Alirudi suruali safi. Mimi nikawa nalala usingizi.

Sasa niseme habari za mtani wangu. Ni mtoto wa mjomba wangu, na kwetu watoto wa mjomba na shangazi wanataniana mpaka kaburini; dada ndiye hataniwi. Yeye tulikua pamoja, mdomo wake hauna mlango. Alipoona mume wangu hasogei tena akaniambia mbele za watu, "Mwindaji wako siku hizi anawinda kama mwali. Bado umpelekee mto akalie."

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, mtani wangu alikwenda kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye ukingo wa msitu. Mzizi ule unakwenda chini sana. Unapiga magoti, unaingiza kichwa karibu na shimo, mgongo juu, udongo unautupa nyuma. Nguruwe naye akichimba ming'oko huwa hivyohivyo. Alikuwa amejifunga kaniki nyeusi. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Mume wangu, kwenye hatua mia mbili, aliona mgongo mweusi unatikisika na udongo unaruka.

Mtani wangu akifanya kazi husema peke yake. Hugombana na jembe, hugombana na mizizi. Kwenye hatua thelathini angemsikia.

Bunduki ilipiga pale pale ilipoelekezwa. Ilimvunja nyonga.

Kituoni polisi walimhoji mume wangu mchana kutwa. Nilikaa kwenye benchi chini ya dirisha, kila neno likinifikia. Askari akamwuliza, "Mzee, wewe mwindaji wa miaka yote hii, kwa nini hukusogea uone?"

Akasema, "Ni macho yangu, bwana. Macho yamezeeka."

Macho yake yalikuwa mazima. Mimi nilikuwa na mdomo, na dirisha lilikuwa wazi. Sikusema.

Mtani wangu akiwa kitandani aliwaambia maaskari kwamba ni ajali, yeye hana kesi na mtu. Wakamwachia. Bunduki ikabaki kwao.

Mume wangu aliishi miaka minne baada ya hapo. Hakunilaumu, na jambo lile hatukulizungumza hata mara moja. Ila tukiwa shamba, akiona kitu cheusi kwa mbali, kisiki, mbuzi, gunia, aliweka jembe chini akakiendea. Anakwenda mpaka anakigusa kwa mkono. Halafu anarudi, anashika jembe. Siku nyingine mara tano, mara sita. Mimi nilipalilia bila kuinua kichwa. Mpaka leo nikiwa peke yangu chini ya mikorosho nasikia hatua zake zikienda, na nangoja zirudi.

Mtani wangu alikaa Mtanda kwa binti yake mpaka mfupa ukaunga, kisha akarudi na fimbo. Hawezi kusujudu, anasali amekaa kwenye kiti. Utani lakini hakuuacha. Harusini alinipigia kelele, "Nguruwe ni haramu, mtani. Mimi mliniona halali?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka, maana asiyecheka anaulizwa.

Mwezi uliopita tulikuwa kwangu tunachambua mbaazi. Akasema, kama wanavyosema wote, "Lile jeneza lenu lilikuwa na njaa."

Nikamwambia, "Jeneza halikuwa na njaa. Mimi ndiye niliyemkataza asisogee. Yeye alitaka kusogea kama zamani. Nilimwambia akisogea hanikuti. Na mbao niliikumbuka mimi."

Aliendelea kuchambua. Baadaye akauliza, "Kituoni walijua?"

"Hapana."

"Yeye hakusema?"

"Alisema ni macho."

"Na wewe ulikuwapo."

"Nilikuwa dirishani."

Akatoa kijiwe kwenye mbaazi, akakitupa. "Ulitaka asife."

"Ndiyo. Sikumfikiria mtu mwingine."

Tulimaliza ungo wote. Akasimama kwa fimbo yake, nikataka kumshika mkono, akasimama mwenyewe.

Bado anapita kwangu. Hakuninunia, na hajamwambia mtu. Asubuhi anasimama uani, ananisalimu, "Umeamkaje, dada?" Miaka sitini hajawahi kuniita dada. Juzi nilimchokoza, nikamwambia fimbo yake ina mwendo mzuri kuliko yeye, aiache itangulie sokoni.

"Ahsante, dada," akasema. Akaniuliza kama nahitaji chumvi.